Siku ya Zamu, Mtoto Wako Si Wako

Nimeacha kazi ya nasari juzi juzi tu, magoti yamekataa, na Chepkorir aliyeshika jiko baada yangu ameniomba nimwandikie vile mambo yanavyokwenda. Nikamwambia, wewe umesoma mpaka chuo, mimi niliacha shule darasa la nne kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga. Akasema, Cucu, andika tu vile unavyoongea. Basi naandika vile ninavyoongea. Mahali nitakapopotea, ruka mbele kidogo, utanikuta.

Mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa Kipkelion, ndiyo maana wananiita Cucu, yaani nyanya. Baba alikuja na kazi ya reli, reli ikalala, yeye akabaki. Niliolewa huku Chepseon, na Kipsigis nilikijua kabla sijajua Kiswahili, kwa hiyo nikisema hapa mtu fulani alisema hivi, ujue pengine alisema kwa Kipsigis na mimi nimegeuza.

Nasari yetu ilianza kwenye stoo ya zamani ya maziwa. Ukiingia siku ya mvua bado inanuka maziwa yaliyolala, hata baada ya kupaka chokaa. Wakati ule akina mama walikuwa wakienda kuchuma majani chai asubuhi na kuwafungia watoto nyumbani, wakubwa wakiangalia wadogo. Mwalimu Esta, Mungu amweke pema, alipita nyumba kwa nyumba akisema, leteni hao watoto, lakini mjilete na nyinyi. Watu walisikia ile sehemu ya kwanza tu.

Siku ya kwanza sitaisahau. Mimi niliajiriwa kupika uji, nimefika na sufuria kichwani, nakuta watoto wote wanalia. Si kidogo, ni kulia kwa kushindana. Na dirishani wazazi wamejaa, wameingiza vichwa, kila mmoja anamwita wake, "Nyamaza, mama yuko hapa." Sasa mtoto atanyamaza namna gani na kichwa cha mama kiko dirishani na mwili wake uko nje? Mwalimu Esta akatoka, akawaambia, "Dirishani si mahali pa mtu. Anayetaka kubaki aingie nimpe kazi. Anayetaka kwenda aende." Wengi wakaenda. Wawili wakaingia, mmoja akapewa ufagio, mwingine akapewa watoto wa kuosha mikono. Zamu ilianzia hapo. Hakukuwa na mkutano wala semina. Ilianza kwa sababu ya watu kujaa dirishani.

Baadaye ikapata taratibu, na hizo ndizo Chepkorir anataka. Kila siku kuna familia mbili za zamu. Mtu mmoja anakaa jikoni na mimi, mwingine anakaa uwanjani: kuchota maji, kupasua kuni, kupeleka watoto chooni, kuosha sufuria, kuhakikisha geti limefungwa ili ng'ombe wa watu wasiingie. Waliwahi kuingia. Ng'ombe mmoja alikula chati ya irabu yote, akabakiza u.

Aproni ziko mbili, ya kijani na ya buluu, nilizishona mimi kwa kitambaa cha mapazia. Jioni mtoto ambaye nyumba yake ina zamu kesho anapewa aproni ndani ya mfuko aende nayo. Mzazi akiona aproni kwenye mfuko anajua. Hakuna kusema sikuambiwa, hakuna kusema sikuona ujumbe kwenye simu, hakuna kusema sijui kusoma. Unaivaa, na ukimaliza unaifua. Mtoto akikosa kuja shule, aproni inaenda kwa nyumba inayofuata kwenye mstari, na ile iliyorukwa inakuja siku inayofuata. Kumbuka hiyo, nitaihitaji huko mbele.

Kutuma kibarua hakuruhusiwi. Hii ndiyo watu walipigana nayo sana. Mama mwenye duka alisema, mimi nina msichana wa kazi, ana nguvu kuliko mimi. Mwalimu Esta akamwambia, msichana wako ana nguvu ndiyo, lakini mtoto hakuzaliwa na yeye. Wengine walileta nyanya zao, wakaruhusiwa, kwa sababu nyanya ni mzazi wa mzazi. Shangazi aliruhusiwa siku ambayo mama amelazwa. Hapo ndipo mlango ulifungwa.

Na kuna siku za majani. Lori la kiwanda likibadilisha siku ya kupita kwenye kituo cha majani, zamu zote zinageuka, maana huwezi kumwambia mtu aache majani yaive kwenye kichaka kwa sababu ya uji wa watoto wa wengine. Madam Sharon, huyu mwalimu wa sasa, alipofika kutoka Nakuru alishangaa kwamba ratiba ya nasari inapangwa na dereva wa lori. Nikamwambia, madam, hata harusi zinapangwa na huyo dereva.

Sasa sheria kubwa. Siku ya zamu, mtoto wako si wako. Mtoto wa aliye jikoni anaangaliwa na aliye uwanjani, na wa aliye uwanjani anaangaliwa na aliye jikoni. Akilia, akianguka, akijichafua, ni yule mwingine anaenda. Ni kwa sababu mtoto ambaye kila siku anajivalia viatu mwenyewe, akimwona mamake na aproni, miguu inasahau kila kitu. Anakuwa chifu. Na mama naye anakuwa mama wa chifu, anapakua uji, kikombe cha wake kinajaa mpaka masikio. Tuliyaona hayo. Kuna mama alimtandika mtoto wa jirani kwa kumsukuma wake, na ikawa kesi mpaka kanisani. Tangu hapo sheria haikuguswa.

Na uji: waliopika wanakunywa kwanza, mbele ya watoto, wote wa zamu pamoja, mezani. Mwalimu Esta alitaka hivyo ili mtoto aone kwamba kile anachopewa mkubwa naye anakula, na pia, alisema kwa sauti ya chini, ili mkubwa asiweke maji mengi.

Kinababa ilichukua muda. Wa kwanza kuja alivaa aproni juu ya koti, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akauliza chai inakuja saa ngapi. Nilimpa kitunguu. Hatuweki vitunguu kwenye uji, lakini nilitaka awe na kitu mkononi.

Baba Chebet hakuwa hivyo. Jina lake Kiprono, anabeba maziwa ya watu kwa pikipiki mpaka kwa mtambo wa kupoza. Mke wake, Chelangat, alipata kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo huyu bwana alibaki na msichana wa miaka minne na mitungi ya maziwa. Zamu yake alikuwa anakuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, anasalimia, anavaa aproni, anaanza kuni. Chebet alikuwa anamfuata na macho kila anapopita mlangoni, lakini halii. Mtoto ambaye halii wakati anastahili kulia ananisumbua kuliko anayelia. Madam Sharon naye aliona. Alisema huyu mtoto ameanza kuongea hapa, nyumbani haongei na mtu, tusimwachilie.

Tatizo ni kwamba Kiprono alikuwa amekosa zamu. Pikipiki ilikwama Merigi huko alikoenda kuona ndugu yake mgonjwa, akarudi jua limezama. Komiti ilikaa, ikasema, mara ya kwanza tunasamehe, ya pili nafasi ya mtoto inaenda kwa anayengoja. Na wanaongoja walikuwepo, maana stoo ni moja na haiongezeki. Mwenyekiti wa komiti ni Mama Wangari wa agroveti, lile duka la dawa za mifugo, mwanamke wa haki, na watu wa haki mnawajua, hawana mchezo. Hata mtoto wake mwenyewe alimtoa mwaka mmoja kwa sababu bwana yake alikataa kuvaa aproni.

Basi. Mstarini, baada ya Kiprono, kulikuwa na nyumba ya Mama Faith, halafu nyumba ya Gogo Tabutany. Gogo Tabutany, gogo ni nyanya kwa Kipsigis, analea mjukuu wake, Lagat, na zamu anafanya mwenyewe, mwanamke mrefu, mnyoofu, akiketi huoni mgongo ukigusa kiti. Na Gogo Tabutany ndiye mama yake Chelangat. Yaani ni mama mkwe wa Kiprono.

Sasa wewe Chepkorir unajua, lakini naandika kwa ajili ya wanaokuja kutoka mbali. Kwa Wakipsigis, mwanaume na mama mkwe wake wanapeana heshima ya umbali. Hawashikani mikono. Hawakai karibu. Hawali wakiangaliana. Akimwona anakuja njiani, anashika upande mwingine. Sisi Wakikuyu pia tuna heshima na wakwe lakini si ya kiasi hicho. Vijana siku hizi wanalegeza, wengine wanakula nyama choma na mama mkwe hotelini kabisa. Gogo Tabutany hakulegeza. Kiprono hakumwomba alegeze.

Mwalimu Esta alijua haya yote kichwani, na kabla Madam Sharon hajafika aliupanga mstari wa aproni ili hao wawili wasiangukie siku moja. Lakini Faith alipata homa akakosa shule. Aproni ya kijani ikaruka nyumba moja ikaenda na Lagat, kama sheria inavyosema. Ya buluu ilikuwa tayari imeenda na Chebet. Hakuna aliyekosea. Aproni ilifanya kazi yake.

Asubuhi nafika, nakuta Gogo yuko jikoni ameshawasha moto, leso kichwani, aproni ya kijani kifuani. Nikamsalimia, nikaanza kupepeta unga. Pikipiki ikasikika. Kiprono akaingia getini na Chebet, akainua macho, akasimama. Mikono yake ikaenda kwenye kofia, kofia haikuwepo. Gogo akavuta leso mpaka karibu na macho akageukia ukuta.

Nilijua wote wawili wanafikiria kitu kimoja. Kiprono akiondoka, Chebet amepoteza nafasi. Gogo akiondoka, Lagat ndiye ana kosa la kwanza, na pia nani atasema Gogo Tabutany alikimbia kazi?

Nikatoka nikamfuata getini. "Baba Chebet, nikamtafute mtu wa kubadilishana na wewe?"

"Ni siku ya majani, Cucu. Nani utampata?"

Ni kweli, lori lilikuwa linapita siku hiyo. Kijiji chote kilikuwa shambani.

"Utafanya namna gani?"

Akaangalia mlango wa jiko, akaangalia rundo la kuni. "Nitafanya kazi," akasema. "Wewe simama katikati."

Nimefanya kazi nyingi maishani mwangu, lakini hiyo ya kusimama katikati ndiyo iliyochosha miguu zaidi. Jiko lina mlango mmoja na dirisha moja. Gogo alikaa ndani, mgongo kwa mlango. Kiprono alikaa upande wa nje wa ukuta, pale tunapooshea sufuria, mgongo kwa dirisha. Wanasikiana mpaka kupumua. Na bado kila neno lilipita kwangu.

"Mwambie huyo mtu kuni hizi ni mbichi," Gogo anasema.

"Baba Chebet, kuni ni mbichi."

"Uliza kama anataka zile za chini ya mabati."

"Gogo, anauliza za chini ya mabati."

"Kama alikuwa anajua ziko huko, alileta hizi kwa nini?"

Hiyo sikuipitisha. Kiprono aliichukua mwenyewe, akaleta kuni kavu, akaziweka kizingitini, akarudi nyuma. Gogo akangoja hatua zake zimalizike ndipo akageuka kuziokota.

Watoto wanaangalia. Mtoto mmoja akaniuliza, "Cucu, wamekosana?" Nikamwambia, "Hapana, wanaheshimiana." Akafikiria, akasema, "Baba na mama pia wanaheshimiana hivyo." Nikamrudisha darasani.

Na kwa sheria yetu, Chebet alikuwa wa Gogo siku hiyo. Aliingia jikoni akasimama kando ya nyanya yake, akamshika leso. Gogo akampa mahindi achambue. Lagat naye alikuwa wa Kiprono, na Lagat ni mtundu, alipanda geti, akapanda pipa la maji, akataka kupanda pikipiki. Kiprono akamfundisha kufua kitambaa. Dakika ile nilifikiri, hii siku inaweza kuisha salama.

Halafu uji ukaiva. Wa zamu wanakunywa kwanza, pamoja, mezani, mbele ya watoto.

Gogo alikaa mezani, kikombe mkononi. Mimi nikakaa. Kiti cha tatu kikabaki wazi. Kiprono akaenda mpaka kwenye ua, mwisho wa uwanja, akaegemea nguzo, akaangalia mashamba ya chai upande wa pili kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Na wakati huohuo, tena si wakati mwingine, Mama Wangari akaingia getini. Alikuwa ameleta dawa ya viroboto kwa ajili ya stoo.

Akaangalia meza. Akaangalia kiti. Akaangalia ua.

"Yule ana zamu?"

"Ana zamu," nikasema.

"Ya kuegemea nguzo?"

Nilijaribu kumweleza, akainua mkono. "Cucu, mimi na wewe wote ni Wakikuyu, usinifanye nipendelee. Utaeleza kwa komiti." Akaweka dawa mezani akaenda.

Jumamosi tukakaa chini ya mabati, wazazi wote, wengine bado na mikono myeusi ya utomvu wa chai. Mama Wangari alisema kesi yenyewe bila kuongeza chumvi. Zamu ni kazi, na kunywa uji mbele ya watoto ni sehemu ya kazi, na Baba Chebet hakunywa, na hili ni kosa la pili. Akamwuliza ana la kusema.

Kiprono alisimama. Gogo Tabutany alikuwa amekaa mbele, upande wa akina mama. Kusema sababu ni kumtaja, na kumtaja hapo mbele ya watu si heshima. Mwishowe akasema, "Sina." Akakaa. Na mimi sikutaka kumtaja Gogo kabla yeye mwenyewe hajasema.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Wacheni hizo mambo za zamani. Sheria ni sheria. Kama mtu hawezi kukaa na mama mkwe, atafute nasari ingine." Mzee mmoja akamwambia, "Wewe wa kwako anaishi Mombasa, utajua nini?" Watu wakacheka, lakini kicheko hakikumsaidia Kiprono. Madam Sharon akasema mtoto ataumia. Mama Wangari akasema anajua, na ndiyo maana hakulala vizuri, lakini wanaongoja pia ni watoto. Na alikuwa sawa, hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Nilianza kuona Chebet akirudishwa nyumbani, kukaa juu ya tanki la pikipiki katikati ya mitungi.

Gogo Tabutany akasimama. Hakumwangalia Kiprono. Alimwangalia Mama Wangari.

"Mwenyekiti," akasema, "wewe ulikuja saa ya kunywa. Ungekuja saa ya kuni ungemkuta kwa kuni. Ungekuja saa ya maji ungemkuta kwa maji. Sufuria ile kubwa, ambayo nyinyi nyote mnaiacha na ukoko kwa sababu mnasema Cucu ataisugua, nilijiona uso ndani yake. Mimi nilikuwa ndani ya jiko. Nani mwingine hapa alikuwa ndani ya jiko?"

Akakaza leso kichwani, akaendelea.

"Uji alikunywa. Nilimtuma Cucu na kikombe mpaka kwa ua, akanywa huko. Watoto waliona. Wana macho, hawahitaji meza. Mimi nimefanya zamu yangu na yeye amefanya yake. Kama mnamtoa mtoto wake, mtoe na wangu, kwa maana zamu ilikuwa moja."

Kikombe ni kweli nilipeleka, Mama Wangari alipokwisha kwenda, ila hakuna aliyenituma. Nilikuwa sijui kama Gogo alikuwa ameona.

Mama Wangari akanigeukia. Akaniuliza, "Alikunywa?" Nikasema alikunywa. "Chote?" Chote. Akaangalia komiti, komiti ikaangalia chini, vile komiti hufanya. Akasema, "Basi amefanya zamu. Mtoto anabaki." Halafu, kwa sababu ni mtu wa kupanga, akaongeza, "Kuanzia leo, mzazi mpya akija, Cucu amwulize ni nani hapa hawezi kukaa naye jikoni, ndipo aingizwe mstarini. Na hawa wawili tuwatenganishe kabisa, isitokee tena."

Hapo Gogo akageuka, kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu aliyechokozwa.

"Mtutenganishe kwa nini?" akasema. "Mimi nimefanya zamu na akina mama hapa miaka yote. Jikoni wanaleta habari za nani ameuza shamba na nani ana mimba, mpaka uji unashika chini. Huyu mtu anapasua kuni, anasugua sufuria, na siku nzima hajaniambia hata neno moja. Mniwekee huyo huyo."

Ikaandikwa hivyo. Chebet amemaliza kwetu, yuko gredi ya kwanza na Madam anasema anaongea mpaka wanamnyamazisha. Lakini Lagat ana mdogo wake anayeingia Januari, na Chelangat alijifungua tena, mvulana, naye anaingia Januari hiyo hiyo, kwa hiyo Chepkorir, Gogo na Kiprono watarudi kwa mstari wako. Waweke siku moja. Mwanaume mpe sufuria kubwa. Na ukifika wakati wa uji, usingoje kuambiwa, chukua kikombe umpelekee kwa ua.